Kontena Si Kurudi: Historia Fupi ya Kuhama Nyumba London

Samahanini kwa kupotea, zamu za usiku zimenibana na juu yake nahama nyumba. Leo naandika haraka kwa sababu kuna maneno yameshatembea kutoka Temeke mpaka Tanga kwamba narudi moja kwa moja. Chanzo ni mimi mwenyewe. Nilitupia sentensi moja kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Natafuta kontena la kuhamia." Saa mbili baadaye Shangazi alikuwa ameshampigia Mama kumpongeza, na kesho yake nikasikia Mama ameanza kutoa magunia ya mahindi kwenye chumba cha nyuma.

Jamani, sikumaanisha hivyo! Mkataba wangu wa nyumba hapa Plaistow unaisha mwisho wa mwezi, na nyumba ninayohamia, Barking, haitakuwa tayari mpaka wiki tatu baadaye. Kutoka huku hadi kule ni vituo vichache tu vya treni. Nina njia mbili. Ya kwanza ni kukodi gari, nipakie asubuhi na nishushe jioni. Ya pili ni kuletewa kasha kubwa mlangoni, nilijaze, walichukue wakalitunze, halafu waniletee siku nikipata ufunguo. Hilo ndilo kontena nililolisema. Huko nyumbani neno hilo lina maana moja tu: mzigo umetoka Ulaya, umefika Kurasini, na mwenyewe yuko nyuma yake.

Nimeona badala ya kujibu simu ishirini nieleze yote hapa. Katika kutafuta nichague lipi nimejikuta nasoma historia, na nimegundua kwamba swali langu hili, gari au kasha, wakazi wa London wameulizana karibu miaka mia mbili.

Tuanze na farasi. Mwaka 1830 hivi, katika mtaa wa Motcomb, eneo la matajiri la Belgravia, lilijengwa jengo kubwa lenye nguzo ndefu mbele kama hekalu la Wagiriki. Likaitwa Pantechnicon. Mwanzo lilikuwa soko la vitu vya kifahari, lakini biashara iliyoshika ni ya kutunza samani za watu. Bwana mkubwa akipelekwa India au makoloni mengine, au akihamia shamba kwa msimu, viti vyake na makabati yake yanakaa pale yakimsubiri. Magari ya farasi yaliyokuwa yakichukua samani hizo yakapata jina la jengo lenyewe. Yalikuwa marefu, yamefungwa pande zote kama chumba, na sakafu yake iko chini karibu na ardhi ili wapakiaji wasinyanyue kabati juu sana. Mpaka leo wazee wa hapa wakiona gari kubwa la kuhamishia samani wanaliita pantechnicon.

Kitu kilichonivutia ni hiki. Reli ziliposambaa, gari la namna hiyo lilikuwa linafika stesheni, farasi wanafunguliwa, na gari zima linapandishwa juu ya behewa la wazi. Likifika mji mwingine linateremshwa, linafungwa farasi wengine, linakwenda mpaka mlangoni. Samani hazikuguswa katikati. Kwa hiyo wazo la kontena lilikuwepo kabla neno lenyewe halijajulikana.

Jengo la Pantechnicon lilisifiwa kuwa haliwezi kuungua. Februari 1874 liliungua. Moto ulikula mali za watu waliokuwa mbali, ambao hata hawakujua siku hiyo kwamba hawana tena kitanda wala picha ya ukutani. Ukuta wa mbele wenye zile nguzo bado upo, nimekwenda kuuona. Nilisimama pale nikawaza masanduku yangu mawili yaliyoko nyumbani kwa Kaka. Mtu aliye ughaibuni siku zote ana mali mahali ambapo yeye hayupo.

Haya, tuendelee. Miaka ya 1920 makampuni ya reli ya Uingereza yakaanza kutumia makasha ya mbao ya kunyanyuliwa kwa winchi, kutoka kwenye gari la barabarani kwenda kwenye behewa. Yalikuwepo ya nyama, ya bidhaa za kawaida, na yalikuwepo maalumu ya samani za watu wanaohama. Unajaziwa nyumbani kwako, linafungwa, linafunguliwa nyumba mpya. Ukiniuliza mimi, ndiyo huduma ileile ninayoitafuta sasa, na ilikuwepo karibu miaka mia moja iliyopita.

Kwa nini basi ilikufa? Gari liliishinda. Baada ya Vita vya Kwanza jeshi liliuza malori yake mengi, na vijana waliojifunza udereva vitani wakayanunua na kuanza kubeba mizigo. Lori halina haja ya stesheni wala winchi. Linakuja saa unayotaka na linaondoka ukimaliza. Mwaka 1955 madereva wa treni waligoma, na wateja waliohamia barabarani wakati huo wengi hawakurudi. Barabara kuu ya M1 ilipofunguliwa mwaka 1959, mchezo ulikuwa umekwisha. Kasha la reli la samani likatoweka, na kuhama nyumba kukawa maana yake ni kuita gari.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bahari, kasha lilikuwa linazaliwa upya. Marekani kulikuwa na mwenye malori aliyeitwa Malcom McLean, mtu wa North Carolina. Alichoshwa na foleni za barabarani na za bandarini. Wazo lake la kwanza lilikuwa rahisi: aingize matrela mazima melini, na magurudumu yake. Kisha akapiga hesabu akaona magurudumu yanakula nafasi bure. Akayatoa. Likabaki sanduku. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X, ambayo ilikuwa meli ya mafuta ya wakati wa vita, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58. Kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida wakati ule kuligharimu dola 5.83. Kwa masanduku yake ilikuwa kama senti 16.

Kwa hiyo ndugu zangu, kontena ni gari lililovuliwa magurudumu. Ukishalijua hilo, mengine yote yanafuata. Gari unalilipia likimbie. Likisimama unapata hasara. Kasha unalilipia lisubiri, na hakuna injini wala dereva anayekaa bure. Na kuna jambo la mikono. Sisi wauguzi tunajua kwamba hatari kubwa iko kwenye makabidhiano. Mgonjwa akitoka mapokezi kwenda wodini, kutoka zamu ya mchana kwenda ya usiku, hapo ndipo dawa inasahaulika na karatasi inapotea. Mzigo nao ni vilevile. Kila mkono unaoupokea ni nafasi moja ya kuvunja au kupotea. Kasha halikufanya meli iende kasi zaidi. Lilipunguza mikono.

Lakini mikono ile ilikuwa ya watu, na hapa nataka tukae kidogo.

Mnakumbuka Babu alivyokuwa akituonyesha bega lake la kulia, lile gumu kama gome? Alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Magunia ya kahawa, marobota ya katani, kila kitu kilipita begani kutoka ghalani mpaka melini. Mwaka 1947 ulikuwa mwaka wa makuli wa pwani yetu. Mombasa waligoma Januari, mji mzima ukasimama. Dar es Salaam waligoma Septemba, na mgomo ukapanda reli kwenda bara. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja. Walikuwa na nguvu kwa sababu moja: bila wao meli haishuki. Babu alikuwa akisema, "Meli ni ya Mzungu lakini gunia ni la kwangu."

Wenzake Babu wa London walikuwa hapahapa ninapoishi. Kutoka kwangu Plaistow nikishuka kusini kwa miguu nafika kwenye madoki makubwa ya Royal: Victoria la mwaka 1855, Albert la 1880 na King George V la 1921. Kizazi baada ya kizazi, wanaume wa mitaa hii walisimama kila asubuhi langoni wakisubiri kuitwa kazini, kama vibarua wetu. Makontena yalipokuja Ulaya katika miaka ya 1960, bandari ya London iliyapeleka chini ya mto, Tilbury, kwenye nafasi ya kutosha. Makuli waliyasusia kuanzia mwaka 1968 hadi 1970. Mizigo haikusubiri wamalize ugomvi. Mingi ilikwenda Felixstowe, bandari ambayo kabla ya hapo ilikuwa ndogo tu.

Ugomvi wa mwisho haukuwa hata bandarini. Swali lilikuwa, nani ana haki ya kujaza na kufungua kontena? Zamani mzigo ulifunguliwa gatini, na kazi hiyo ilikuwa ya kuli. Sasa kontena linaweza kufunguliwa kwenye yadi yoyote mjini, na watu wanaolipwa kidogo. Mwaka 1972 makuli walizingira yadi ya Chobham Farm pale Stratford, kisha ghala la baridi moja huko Hackney. Mahakama iliwaamuru waondoke, wakakataa, na kuanzia tarehe 21 Julai watano kati yao wakatupwa gereza la Pentonville. Nchi ikaanza kugoma kuwaunga mkono, na tarehe 26 wakaachiwa. Walishinda siku ile. Lakini madoki ya St Katharine yalikuwa yamefungwa tangu 1968, ya West India yakafungwa 1980, na haya ya Royal yakafungwa 1981.

Leo kati ya madoki mawili ya Royal kuna kiwanja cha ndege. Kando ya Victoria upo ukumbi mkubwa wa ExCeL, uleule uliogeuzwa hospitali ya Nightingale mwezi Aprili 2020 wakati wa korona, na wenzangu kadhaa walipangiwa huko. Chobham Farm sasa ni nyumba za kuishi, karibu na uwanja wa Olimpiki ya 2012. Meli za makontena zinaishia Tilbury, au London Gateway iliyofunguliwa 2013 huko Essex, chini zaidi ya mto.

Na ile kazi ya kujaza makontena kwenye yadi za mjini, iliyowapeleka watu gerezani, unajua inafanywa na nani siku hizi huku mashariki mwa London? Na sisi. Mkisikia vijana wanatania kwamba Ulaya tumekuja kubeba boksi, wengine wanabeba boksi kwelikweli. Nenda kwenye yadi zinazopeleka mizigo Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Lagos, utawakuta kaka zetu wakipanga mapipa ya bluu, friji, magodoro na matairi mpaka juu ya dari, na Kiswahili kinapigwa kama uko Kariakoo. Babu angewaelewa mara moja.

Sasa turudi kwenye nyumba yangu.

Kasha la kuja mlangoni lilirudi mjini kupitia Marekani tena. Mwaka 1998, huko Clearwater, Florida, Peter Warhurst alianzisha kampuni ya PODS, inayokuletea kasha, inakuachia ujaze kwa nafasi yako, kisha inalihamisha au kulitunza. Kwa Marekani ni sawa kabisa, kila nyumba ina uwanja mbele. London hakuna uwanja. Mtaa wangu ni mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili, na ukitaka kuweka kasha barabarani lazima kibali cha halmashauri. Ndiyo maana makampuni mengi ya hapa hayaliachi kasha. Yanakuja na makasha ya mbao juu ya lori, kila moja karibu mita 7 za ujazo, unapakia palepale mlangoni, yanapigwa kufuli na kwenda ghalani. Yaani Pantechnicon ileile, imerudi bila farasi!

Na gari la kukodi? Gari la kuhamia analolikodi mtu wa kawaida linaitwa Luton. Mbele lina kichwa cha sanduku kinachopita juu ya dereva, na inasimuliwa kwamba lilipata jina kutoka mji wa Luton uliokuwa ukitengeneza kofia, mzigo mkubwa lakini mwepesi. Ni kama kirikuu iliyokua. Linameza nyumba ya vyumba viwili bila tabu, lakini angalieni: uzito wote, gari na mzigo, haupiti tani 3.5, maana hiyo ndiyo mwisho wa kawaida kwa waliopata leseni ya hapa ya gari dogo kuanzia Januari 1997. Mzigo wenyewe unabaki kama tani moja. Vitabu na vyombo vinaimaliza kabla nafasi haijajaa. Leseni ya Tanzania utaendeshea miezi 12 tu, baada ya hapo ni kufanya mtihani. Na tangu Agosti 2023 eneo la hewa safi limefika mitaa yote ya London, hivyo gari la zamani la rafiki yako linalipa pauni 12.50 kwa siku.

Mara ya mwisho nilipohama nilikodi gari. Lifti ya jengo ilikufa saa tatu asubuhi, ghorofa ya nne. Tuliteremsha kila kitu kwa ngazi, saa zikapita, gari likatakiwa kurudishwa, na kabati la vyombo lilivunjika mguu kwa haraka ile. Gari halikuwa baya. Siku ndiyo ilikuwa mbaya, na gari halina subira na siku mbaya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote mwenye kuhama, hapa au Ulaya yote, ni huu. Kama una funguo mbili mkononi siku moja, kodi gari, tafuta marafiki wawili wenye mgongo mzima, wapikie pilau. Kama kati ya nyumba na nyumba kuna pengo, chukua kasha, kwa sababu gari utalipeleka wapi wiki tatu? Piga hesabu ya mikono na hesabu ya siku, bei inakuja baadaye.

Na kontena lile la Kurasini? Sheria ni hiyohiyo. La futi 20 linachukua mita za ujazo 33 hivi. Mimi vitu vyangu vyote havifiki nusu yake, ndiyo maana wengi tunachangia kontena moja. Sasa mtaelewa kwa nini pipa la mwaka jana lilichelewa: kontena la kuchangia haliondoki mpaka lijae, kisha njia yenyewe ina mambo yake. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba Suez siku sita. Tangu mwishoni mwa 2023, kwa mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi zilizungukia Rasi ya Tumaini Jema. Likifika, linafunguliwa, kila mtu anatoa chake, na hapo ile faida ya mikono michache inakwisha. Sahani za Mama zilivunjika hapo, si baharini.

Anayehama makazi kabisa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa msamaha wa ushuru kwa vyombo vyake vilivyotumika nyumbani. Lakini lazima awe anahama kweli. Na hilo ndilo jambo lenyewe.

Mama, najua utasomewa hii na mdogo wangu. Bibi alikuwa na kasha lake la mbao lenye misumari ya shaba, na kila mara aliposafiri kwenda Pangani alilifunga, akaliacha. Hakwenda nalo. Alikuwa akisema kasha likihama, mtu amehama. Mimi safari hii nimechukua makasha mawili ya mbao, wiki tatu, kutoka Plaistow mpaka Barking. Maana yake nabaki, kwa sasa. Kodi nimesaini ya miaka miwili. Sikutaka uyasikie haya kwa Shangazi.

Siku nitakayorudi kweli sitakwambia kontena. Nitakwambia tarehe. Sasa hivi tarehe sina, na sitaki ulale ukiihesabu. Rudisha mahindi chumbani, panya watayamaliza ukumbini. Kitanda tu usikitoe.

Wengine wote nawasalimu sana. Anwani mpya nitawatumia nikishafungua makasha, Mungu akipenda.